Mbao yataka wiki 6, loni yataka siku 30

Nahodha alikuja karakanani mwezi wa 10 mwaka 2018 na kasha langu la barafu juu ya punda. Nilikua nimeinama napiga randa, naskia salamu, nikiinua kichwa namuona mzee amesimama mlangoni pale kwenye uchochoro wetu wa Langoni, mjukuu wake ameshika kamba ya punda, na lile kasha nililomuuzia mwezi wa 4 limefungwa juu. Nilijua saa hio hio. Harufu ilifika kabla hawajalishusha.

Alilifungua mwenyewe. Akatia mkono ndani, akabonyeza ile faiba pale pembeni kwa kidole gumba na faiba ikabonyea kama lengelenge, maji meusi yakachuruzika kwenye tundu la msumari. Hakunitukana. Akaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, mbao hii ilikatwa lini?"

Ntarudi hapo. Kwanza nieleze tulifikaje, manake vijana wengi hapa Amu (mji wa Lamu) wakiniona na karakana hii wananiuliza mtaji nilitoa wapi, na kila nikijibu naona jibu langu halijatosha. Mimi nimepitia pesa za kila aina, za benki (hizo niliziona kwa macho tu), za simu, za kikundi, za mchezo wa mamangu (upatu), za tajiri, na mwisho za nahodha, na nnavoona mimi kila pesa ilinivuta nifanye kitu chake. Pesa ina tabia. Ukiichukua inakuja na tabia yake ndani ya nyumba.

Babangu alikua fundi seremala, vitanda, milango, na makasha ya nakshi yale ambayo wageni walikua wananunua. Nimekulia kwenye hio kazi. Lakini baada ya utekaji wa wageni mwaka 2011, halafu mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na amri ya kutotoka usiku iliyofuata, utalii ulianguka na oda zikaanguka nao. Kuna mwaka mzima tulifanya milango miwili. Babangu alifariki mie niko na randa, patasi, deni la duka la misumari na mama wa kumlisha.

Wazo la kasha la barafu lilinijia pale usita wa pwani, njia ya mbele ya bahari, nikiwatazama wavuvi wanashusha. Mtu ameenda mbali, amelala nje siku mbili, anarudi na changu na tewa wazuri lakini nusu wamelainika, macho yamezama, mnunuzi anambonyeza samaki tumbo halafu anataja bei nusu. Wengi walikua wanabeba barafu kwenye friza mbovu zilizotolewa mashine, au kwenye mapipa na magunia. Friza mbovu haikai vizuri ndani ya mashua, tumbo la mashua limepinda na friza ni ya pembe nne, kwa hivo inakaa juu, inapigwa jua, inaondoa nafasi ya watu. Mie nikajiambia mashua zetu zinachongwa na watu wetu, kwani kasha haliwezi kuchongwa kufuata tumbo la mashua? Mbao nje, foam katikati, faiba ndani ile ile wanayotengezea boti za faiba.

Kasha la kwanza nililifanya mwezi wa 1 mwaka 2018 na mbao za mwembe zilizobaki kwa babangu, mbao ambazo zilikua zimeegeshwa ukutani miaka. Kumbuka hilo. Nikalijaza barafu nikaliweka juu ya dari ya nyumba yetu, juani, na nikawa napanda kila jioni naangalia. Siku ya kwanza barafu iko vile vile, ya pili imeshuka, ya tatu jioni nafungua bado kuna pande kubwa kama mkate. Nilikaa pale juu peke yangu na lile pande mkononi mpaka vidole vikafa ganzi, nikashuka nikamuita mama.

Sasa hapo ndo nikaanza kutafuta pesa.

Benki nilienda na shati limepigwa pasi. Ofisa alinisikiliza vizuri tu, siwezi kumsema vibaya, kisha akaniuliza hatimiliki ya ardhi. Nyumba tunayokaa ni wakfu wa bibi yetu mkuu, kila mtu wa Amu anajua maana yake, nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi ikagawanywa, haiwekwi rehani, ni ya kizazi chote mpaka kiyama. Nyumba ya mawe yenye kuta unene wa mkono mzima, imesimama kabla ya hio benki kuzaliwa, na kwenye ile fomu haikua na sehemu ya kuandikwa. Akaniuliza stetimenti za miezi 6, sina. Akaniuliza payslip. Nikatoka.

Baadae nikaja kujua kwamba wakati ule mambo yalikua magumu zaidi ya kawaida, manake toka mwezi wa 9 mwaka 2016 sheria iliweka kikomo cha riba, benki zisizidishe pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, nia ilikua kumsaidia mwananchi lakini mabenki yakaona mtu mdogo kama mie ana hatari kubwa kuliko hio riba wanayoruhusiwa, wakapunguza kutukopesha sisi wakaikopesha serikali. Ile sheria iliondolewa mwezi wa 11 mwaka 2019. Na kuna nyingine ya 2017 inasema hata mali ya kuhamishika, mashine, mifugo, stoki, madeni unayowadai watu, inaweza kua dhamana na ina rejista yake. Nzuri sana hio. Nilienda nayo mie nimeandika orodha, randa, msumeno wa umeme, moldi, nikamuonesha ofisa mwingine wa benki nyingine, akaisoma, akaniuliza hatimiliki iko wapi.

Kuna mtu ataniuliza mbona hukuenda benki ya kiislamu, na sisi watu wa Amu riba tunaiogopa kweli. Nilienda. Benki hizo ziko Kenya toka 2008 na mie nafurahi ziko. Lakini walichonipa kama njia ni murabaha, yani wao wanakununulia bidhaa, wanakuuzia kwa faida inayojulikana, wewe unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Ni halali na ni safi, ila kila mwezi ni kila mwezi, kusi (upepo wa msimu wa bahari chafu) ikivuma au isivume, na dhamana inatakiwa vile vile. Nikauliza musharaka, tuingie pamoja tugawane faida na hasara? Yule kaka akatabasamu kwa upole akasema kwa kiwango changu hawafanyi.

Basi simu.

Wenye umri wangu mnajua. M-Pesa ilikuja 2007, ikabadilisha maisha hapa kisiwani, mtu wa Kizingitini hakuhitaji tena kupanda boti siku nzima kuleta pesa Amu. Mwaka 2012 mwisho ikaja loni ndani ya simu, M-Shwari, unabonyeza na pesa ipo, hakuna shati la pasi, hakuna hatimiliki, na hio mimi nahesabu ni heshima kubwa mtu wa chini alipewa, kuaminiwa bila kupiga magoti. Ada yake ilikua asilimia 7.5 kwa siku 30. Baadae zikaja apu nyingi nyingine. Mie nilikua na limiti ya 12,000 mahali pamoja, 7,000 kwenye apu moja, na ndugu yangu akanikopea 8,000 kwa laini yake. Jumla 27,000. Wavuvi watano wakanipa rubuni (malipo ya mwanzo) ya 2,000 kila mmoja, nikatia 8,000 zangu, nikawa na 45,000 za kufanya makasha 5.

Na sasa ndo nirudi kwenye swali la nahodha. Mbao ya mwembe ikikatwa ina maji. Fundi anajua, babangu alinifundisha nikiwa sijafika kiunoni mwake, mbao unaipanga kivulini, unatia vijiti katikati hewa ipite, unaiwacha wiki 6 angalau, ukiwa na subira unaiwacha zaidi. Ukiifanyia kazi mbichi itakauka baadae ikiwa tayari imepigiliwa, itajikunja, itaachia. Mie nilijua haya yote. Lakini pesa ya simu imeanza kuhesabu toka ile dakika ujumbe umeingia, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi naziangalia zile mbao kivulini naona zinanila. Nikapima moyoni, wiki 6 ni siku 42, loni ni siku 30. Nikazichukua baada ya wiki moja. Nikapiga faiba juu ya mbao mbichi.

Makasha yakatoka mazuri ya kuonekana. Nikayapeleka mwezi wa 4, na mwezi wa 4 ndo kusi inaingia. Mtu wa bara hawezi kujua hili na yule aliyetengeneza apu ile hawezi kujua, kwamba huku tuna misimu miwili ya pesa, kaskazi bahari imelala watu wanatoka mbali wanapata, kusi bahari inachafuka mashua ndogo zinabaki ndani ya mikoko na watu wanakula akiba. Wavuvi wangu wakaniambia, fundi tusubiri kaskazi tutakumalizia. Walikua wananidai haki yao na mie nawadai haki yangu na sote tulikua wakweli. Simu haikusubiri.

Nikaanza kulipa asubuhi nakopa jioni. 27,000 kwa asilimia 7.5 ni 2,025 kila mwezi, miezi mitano nikawa nimetoa zaidi ya 10,000 za ada na deni lenyewe liko pale pale limekaa. Apu moja siku nilipochelewa wakaanza kuwapigia watu walio kwenye simu yangu. Walimpigia mwalimu wangu wa madrasa. Walimpigia shemeji yangu ambae tulikua hatujazungumza mwaka. Mama alipojua ni pesa ya ziada juu ya pesa alininunia siku tatu, anapika ananiwekea sahani anaondoka. Miaka hio hakukua na sheria ya kuwazuia, kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa simu zilikuja 2022.

Lakini kuna kitu kilichoniuma kuliko zile simu, na ndo sababu kubwa ya kuandika. Ili niweze kulipa nilianza biashara nyingine. Nilikua nachukua loni naenda Mokowe, nachukua viazi na vitunguu vinavyoshuka na malori kutoka bara, navusha na boti, nauza Langoni, siku 5 pesa imerudi na faida kidogo juu. Ilifanya kazi! Nikalipa kwa wakati mara tatu nne mfululizo na limiti yangu ikapanda, 15,000, kisha 20,000. Kila ikipanda napata ujumbe wa kunipongeza. Na karakana imefungwa, vumbi limekaa kwenye patasi za babangu. Yani ile pesa ilinifundisha polepole kua mchuuzi, kila nikiacha ufundi inanizawadia, nikigusa mbao inaniadhibu. Sina neno na mchuuzi, ni kazi ya halali na ndio inalisha mji huu. Lakini huku wako vijana wengi wenye akili ya kuunda kitu, wa kutengeza mashine za boti, wa sola, wa kukausha samaki, na ukiwatafuta leo utawakuta wote wanauza maji na kredi. Watu husema vijana wa pwani hawana ubunifu. Mie nakataa kwa nguvu zangu zote. Wamepewa pesa ya siku 30 wakafanya kitu cha siku 30.

Mchezo wa mama ndo ulinitoa. Wanawake 20 wa mtaa wetu, 500 kila wiki, wiki ikifika ni yako unabeba 10,000. Zamu ya mama ilikua ya 17. Alienda nyumba kwa nyumba na buibui lake kuomba apandishwe, na yule mama aliyekua na zamu ya 6 akamuachia, harusi ya mwanawe akaichelewesha. Hakuna karatasi. Ile 10,000 iliziba apu mbili, viazi vikaziba iliyobaki. Yule mama mpaka leo nikipita barazani kwake nasimama.

Kuna kikundi pia, nikitaje haraka. Mfuko mmoja wa serikali wa vijana ulitaka watu wawe kikundi chenye cheti, tukajiandikisha watu 10, pesa ilipotoka ilikua ndogo kuanzisha kazi na kubwa kuiacha bila kazi, watu wakasema tugawane, tukagawana, kikundi kikafa. Walitupa pesa kwa sharti la kua wengi na wazo lilikua la mtu mmoja.

Na tajiri. Hapa nataka nimtendee haki. Kwetu tajiri ni yule anaewapa wavuvi nyavu, mashine, unga wakati wa kusi, na samaki wote wanaenda kwake kwa bei yake. Watu wanamlaani sana kwenye baraza na wakati mwingine kwa haki. Lakini mwezi wa 6 bahari inapiga, mtoto anaumwa, benki hawajui jina lako, ni nani anaetoa? Tajiri mmoja alinipa ofa, angenipa 150,000 bila riba hata senti, makasha yote nimuuzie yeye kwa bei anayopanga yeye, na nisimfanyie mtu mwingine. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kwamba makasha yangefika kwa wavuvi wake tu na yangekua kamba nyingine ya kuwafunga.

Sasa nahodha mlangoni, mwezi wa 10, kasha linanuka. Nikamwambia ukweli, mbao ilikatwa wiki moja kabla. Akauliza kwanini na wewe ni mtoto wa fulani, akamtaja babangu. Nikamueleza loni, siku 30, kusi, kila kitu, na nikamwambia ntakurudishia pesa yako nahodha lakini sina sai. Akakaa juu ya lile lile kasha. Akauliza barafu ilikaa siku ngapi kabla faiba haijaachia. Nikamwambia tatu. Akasema kwake ilikaa tatu na nusu, mwezi mzima wa kwanza samaki wake walikua wanang'ara, mnunuzi alimuongezea bei bila kuombwa. Akauliza maji yaliingilia wapi, kwenye pembe au kwenye kifuniko? Kizibo cha kutolea maji mbona nilikiweka juu sana? Yule mzee hakuwahi kukanyaga benki kuomba loni na aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu mwenye pesa aliwahi kuniuliza. Wote waliniuliza nitalipaje. Yeye aliuliza kasha linafanyaje kazi.

Wiki ile ile alirudi usiku baada ya isha. Alikua ameuza mashua yake, magoti yamechoka, na ana 200,000. Akasema, tufanye mgao.

Mgao wa baharini ndo huu, kwa wasioujua. Mashua ikirudi, samaki wakiuzwa, kwanza mnatoa gharama, mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki kinagawanywa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, na kila baharia fungu lake, nahodha na zaidi kidogo. Siku mkirudi na ndoo tupu, chombo kimekosa na baharia amekosa. Hakuna mtu anamwambia baharia nilipe tanga langu sababu upepo umelichana. Hivi ndivyo watu wetu wamegharamia safari miaka na miaka, na katika fiqhi (sheria ya dini yetu) ni mudharaba, mwenye mali anatia mali, mwenye kazi anatia kazi, faida wanagawana walivyokubaliana, hasara ya mali ni ya mwenye mali na aliyefanya kazi amepoteza jasho lake, ila ikiwa amefanya uzembe au khiyana. Mie nimeusoma huo mlango wa kitabu madrasani nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiri kwamba unanihusu.

Tuliandikiana kwenye daftari la kaunta, maalim akiwa shahidi. Faida mafungu matano, mawili ya mtaji, mawili yangu, moja la karakana, kwa vifaa na kwa kazi zitakazoharibika. Hio sehemu ya "zitakazoharibika" ni yeye aliitaka. Alisema kitu kipya kitaharibika tu, afadhali tukipangie.

Kitu cha kwanza nilichofanya na pesa ile ni kununua mbao na kuziacha. Nimezipanga kivulini, nimetia vijiti, nikakaa wiki 6 sifanyi kitu juu ya mbao zile ila kuzigeuza, na hakuna simu iliyolia. Sijui kama naweza kumueleza mtu ile raha. Katika hizo wiki nilirekebisha yale makasha 5 ya mwanzo moja moja bila kudai pesa, kizibo nikakishusha mpaka chini kabisa, kifuniko nikakivika mpira wa tyubu ya baiskeli kote ukingoni, pembe nikaziziba kwa pamba kama wanavyokalafati chombo kabla ya kupiga faiba. Hayo yote yalitoka kwa kupewa muda.

Makasha yakauzika, na wasioweza kununua tukawapa kwa mgao vile vile. Kasha linaingia chomboni kama baharia, linapata nusu fungu kila safari mpaka lifikishe 18,000, baada ya hapo ni lao. Kuna waliomaliza kaskazi moja, miezi mitatu. Kuna mmoja alichukua miaka miwili manake aliumwa. Halafu ikaja korona, mwezi wa 3 mwaka 2020, hoteli za Shela zikafungwa, kafiu kuanzia jioni, samaki hakuna wa kununua, na mie nina makasha 14 nje hayajalipwa na mbao za 60,000 kivulini. Ingekua loni ningeuza randa ya babangu, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Nahodha alikuja, tukafungua daftari, tukaandika sifuri. Mwezi uliofuata sifuri. Miezi sita tuliandika sifuri, na baada ya hapo kazi ikaendelea.

Nisidanganye kwamba mgao hauna kasoro. Unafanya kazi kwa mtu ambae mapato yake unayaona. Mashua ikishusha hapa mbele, mji mzima unajua imeshusha nini. Nilitoa makasha mawili Kizingitini nikadhani ni hivo hivo, mmoja akawa anauza samaki hukohuko anasema hakupata, na ile kasha sikuiona tena. Na pia hauendi mbali. Sai naulizwa makasha Kipini, naulizwa Malindi, kufanya makasha 100 kwa mpigo nahitaji milioni na zaidi na nahodha wa milioni simjui. Hapo nahitaji benki, sina ugomvi na benki, nataka tu waje waone mbao zikiwa kivulini ndio wapange tarehe.

Mwaka 2022 mwezi wa 11 ilipokuja Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo ya simu, vijana wa karakanani walifurahi na mie nilifurahi nao, asilimia 8 kwa mwaka ukilinganisha na nilichopitia mie ni rehema, kwa 500 ya siku 14 riba haifiki hata shilingi 2, na asilimia 5 inawekwa akiba. Kwa bei siwezi kuisema vibaya. Lakini siku 14. Kijana wangu mmoja alichukua akanunulia gundi, na gundi ilikua bado kwenye kopo alipotakiwa kulipa.

Pesa ya kujaribu ndo inayokosekana. Nyinyi mnaikumbuka ile Flipflopi, jahazi la plastiki lililoundwa hapa hapa Amu na fundi Ali Skanda na wenzake, tani 10 za taka na slipa 30,000 hivi, likaenda mpaka Zanzibar mwaka 2019. Mie nilienda kuliangalia likiwa bado mbavu. Plastiki ile ilichukua muda mrefu mpaka wakajua namna ya kuifanya mbao, kukunja, kupigilia, na walipata watu wa kuwafadhili wakiwa bado hawajajua. Ubora wa mafundi wetu ulikuepo siku zote, uliokuja ni muda uliolipiwa. Natamani kaunti au yeyote mwenye uwezo aweke kitu hata kidogo cha aina hio kwa mafundi kumi kila mwaka, bila kudai kirudi kabla ya kusi na kaskazi kupita.

Karakana sai tuko watu wanne na mmoja ni msichana wa shangazi yangu, mkono wake kwenye faiba ni mzuri kuliko wangu. Yeye ana wazo la kichanja cha sola cha kukaushia samaki wale wadogo wanaotupwa, na fungu la karakana tumeanza kulitumia kwa huo mtihani, kwanza kilikausha kupita kiasi, sasa tuko cha tatu.

Kuna jambo moja sijalimaliza na linaninyima usingizi. Nahodha anataka kwenda Hijja, umri umeenda, na anataka mtaji wake utoke. Alitia 200,000. Leo kuna msumeno, moldi 4, makasha nje yanayoleta nusu fungu, jina ambalo watu wanalijua mpaka Faza. Fungu lake ni kiasi gani? Yeye anasema nipe zangu 200,000 na dua inatosha. Mie nakataa, hio si haki yake yote, lakini nikimhesabia haki yake yote karakana haina pesa taslimu ya kumpa, na wa kuingia nafasi yake bado sijampata. Maalim ametupa siku, Jumamosi baada ya alasiri tukae watatu tuhesabu kitu kimoja kimoja, mpaka mbao zilizoko kivulini. Nimemwambia nahodha aje na daftari lake, mimi ntakuja na langu.